Marahaba, Njoo Dukani

Shikamooni mama zangu na baba zangu mliokaa viti vya mbele. Wenzangu mliobeba watoto, mambo vipi. Mwenyekiti kaniambia nisimame nitoe ushuhuda, na nimewasikiliza walionitangulia, wote wameanza kwa kutubu. Mimi sina la kutubu leo. Nimekuja kujisifu na kumsifu mama yangu, na katikati hapo nitagombana na watu kidogo. Jina la mtu sitalitaja. Ukijiona ndani ya maneno yangu, jione kimyakimya, usininunie.

Na huyu mwanangu akilia mtanivumilia. Anaota meno.

Mama yangu aliuza vitenge Kariakoo tangu mimi sijazaliwa. Duka lenyewe dogo, ukiingia na mkoba mkubwa unageuka kwa shida, lakini kazi yake iliyompa jina ilikuwa sare. Kuna harusi, kuna sendofu, kuna mwali anatolewa, kamati inakuja imegawanyika, huyu anataka kijani, yule anasema kijani kinamfanya aonekane mgonjwa. Mama anawaangalia, ananyamaza, anavuta kitenge kimoja kutoka chini kabisa ya rundo, na wote wanasema, eeh, hiki hiki! Kitenge ambacho mnene atapendeza na mwembamba atapendeza. Hicho kipaji hakisomewi.

Kisha miguu ikaanza kuvimba. Sisi tunaishi Mchafukoge, ghorofa ya juu kabisa, ngazi nyembamba, lifti haijawahi kuwepo. Kupanda na kushuka kila siku kukamshinda. Akamweka msichana dukani, yeye akabaki nyumbani. Ndipo kaka yangu mkubwa, mtu wa ofisini huyo, akamletea kompyuta ya mezani yenye kioo kikubwa, kwa sababu kwenye simu mama alikuwa haoni kama kitenge kina maua au kina ndege.

Ndugu zangu, nawaambia, ile kompyuta ndiyo ilikuwa miguu yake. Kamati ya Masasi inatuma barua pepe na picha ya bibi harusi, mama anatazama rangi ya yule binti, anawaza, anampigia msichana wa dukani avipige picha vitenge kadhaa, anawatumia. Wakikubali, mzigo unapakiwa basi. Mama hajashuka hata ngazi moja, na harusi Masasi watu wamependeza.

Sasa swali. Nani alimfundisha kuitumia? Hapa ndipo naanza kugombana.

Kaka alimfundisha hivi. Alikaa yeye kwenye kiti. Mama, mwenye miguu imevimba, akasimama nyuma yake. Kaka akabofya huku, akabofya kule, madirisha yanafunguka na kufungika kama mlango wa duka la supu, halafu akasema, "Umeona mama? Rahisi tu." Akachukua funguo za gari, akaenda zake. Tangu siku hiyo mama akikwama anamwita kijana yeyote anayepita ngazini, na kijana anasema, "Bibi, toka hapo nikufanyie." Anafanya, anaondoka. Mama anabaki vilevile alivyokuwa. Alijua kufungua barua, kuijibu na kubandika picha. Basi. Lolote lingine likitokea kwenye kioo lilikuwa ni kudra.

Na nyie vijana mnaocheka hapo nyuma, mnacheka kwa kuwa ni nyie.

Mimi wakati huo nilikuwa nimesharudi kwa mama na mtoto wangu mchanga. Baba wa mtoto alisafiri kikazi. Hiyo kazi mpaka leo sijaiona. Tuyaache.

Basi, asubuhi moja nipo jikoni nakoroga uji, mtoto mgongoni, nasikia mama anaongea na simu kwa ile sauti yake ya kupokea wageni. "Marahaba, marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Alhamdulillah." Nikajua ni mteja. Uji ukaiva, nikampelekea. Namkuta simu ameibana sikioni kwa bega, mikono yake miwili imetulia mapajani, na kwenye kioo mshale unatembea wenyewe.

Jamani. Mshale unatembea wenyewe! Unafungua barua zake, unazifunga, unafungua nyingine, na mama anautazama kama anayetazama tamthilia.

Nikasema, "Mama, nani huyo?"

Akaniwekea kidole mdomoni. "Shh. Naongea na mtu."

"Mtu gani yuko ndani ya kompyuta?"

"Kijana wa kampuni ya intaneti. Anatoa virusi. Nyamaza, una adabu wewe?"

Nikaweka bakuli chini, nikainama chini ya meza, nikang'oa waya ukutani. Kioo kikazima. Nikamnyang'anya na simu, nikaikata. Na mama yangu, mwanamke aliyenizaa, alinigeukia mimi! Hakumgeukia yule mwizi.

"Umenikatia mtu katikati ya maneno! Kijana wa watu kanisalimia vizuri, kanipa pole ya miguu, kaniuliza dawa gani natumia. Wewe unayeishi humu umewahi kuniuliza?"

Nilikuwa nimechelewa. Yule kijana mwenye adabu zake alishamfanya mama abonyeze pa kumruhusu aendeshe kompyuta kutoka huko aliko. Alishabadilisha neno la siri la barua pepe, na mchana huohuo alianza kuwaandikia wateja kwa jina la mama: namba ya malipo imebadilika, tumeni pesa ya sare huku. Wakatuma. Kwa nini wasitume? Anayewaandikia ni mama wa sare, hajawahi kumdhulumu mtu.

Harusi ikafika Masasi, sare hazikufika. Wanawake wale wakasherehekea kila mtu na gauni lake la zamani, na unajua maana yake kwetu. Ni aibu ya ukoo mzima. Walimpigia mama simu, wakamwita tapeli, wakamwita mchawi, mmoja alimwambia amekula nguo ya mwali. Mama alikuwa anasikiliza mpaka mwisho. Hakumkatia hata mmoja. Adabu!

Kaka akaleta fundi, fundi akasafisha kompyuta, barua pepe ikarudishwa. Nikafikiri yameisha. Kumbe kaka kaitisha kikao. Mjomba akaja, shangazi zangu wakawekwa kwenye simu kutoka Lindi, spika juu. Wakamjadili mama huku mama yupo pale amekaa, mikono mapajani. Mama amechoka. Mama mambo ya sasa hayawezi. Kompyuta iondolewe, duka lifungwe, chumba kirudishwe kwa mwenye nyumba, mama aende Lindi akapumzike kwa shangazi. Baada ya Idi kaka atakuja kumchukua.

Nikauliza, "Kwa hiyo mwizi yuko huru, anayefungwa ni mama?"

Kaka akaniambia, "Wewe nyamaza. Ulikuwepo nyumbani na kidato cha nne chako, ukazuia nini?"

Nilikuwa na mtoto mkononi, ndiyo maana kaka yangu ana meno yote mpaka leo.

Walipoondoka mama alichukua kile kitambaa chake cha kufuma cha kochi, akaifunika kompyuta kama anavyofunikwa maiti. Akasogeza kiti dirishani. Akawa anakaa pale anatazama watu wanaoenda Mnazi Mmoja na wanaorudi. Muuza ndizi akimtajia bei anakubali. Mama yangu! Mwanamke aliyekuwa akigombania bei ya kiberiti, anakubali bei ya kwanza. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikaona Lindi wanamsubiri bure, huyu atakuwa ameshaondoka kabla ya kufika. Hakuna aliyekufa kwa kupelekwa Lindi, kwetu kuzuri. Lakini mtu asiye na kazi ya kumtoa kitandani, asiyeitwa na harusi yoyote, huyo anapungua. Nilimwona anapungua.

Mwenzenu nikapandisha hasira. Nikaenda, nikavuta kile kitambaa, nikawasha kompyuta, nikamwambia, "Mama, njoo ukae."

"Sitaki."

"Njoo ukae, au nakwenda kumwita yule kijana wa adabu aje kukubembeleza."

Alikuja kwa ubishi tu, ili anishinde.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana jambo. Mimi nina haraka, wanaonijua wanajua. Ningekuwa na mikono mitupu ningefanya kama kaka, ningemnyang'anya mausi. Lakini mtoto alikuwa ananyonya, na huyu akinyonya anataka ashikwe kwa mikono miwili, ukimwachia mmoja anapiga kelele mpaka jirani anagonga dari. Kwa hiyo sikuwa na mkono. Ilibidi nimfundishe mama kwa mdomo. Peleka kulia. Siyo kulia kwangu, kulia kwako. Chini. Chini mama. Hapo. Bonyeza mara moja. Siyo kama unaua mbu, mara moja taratibu.

Nilikuwa nafoka, siwafichi. Akaniambia, "Ukinifokea tena, nashuka ngazi hizi kwa miguu yangu hii, naenda Lindi mwenyewe." Nikashusha sauti. Na kwa kuwa mkono wangu haukuwepo, wa kwake ukajifunza. Mkono wa mama umekata vitambaa maisha yake yote, haukuwa mzembe. Ulikuwa unanyang'anywa tu.

Madirisha yalimsumbua, lipi liko juu ya lipi, lile la kwanza limepotelea wapi. Nikamwambia, mama, ni doti juu ya doti, kama rundo lako la vitenge. Halijapotea, limefunikwa, vuta la chini. Akacheka. Akaanza kuyavuta kama yuko dukani. Baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa nachelewa.

Tukaja kwenye neno la siri. Nikamuuliza, lile lililoibiwa lilikuwa lipi? Akanitajia jina la kaka yangu. Mzaliwa wa kwanza. Nikamwambia, "Mama, watu wanakuitaje?"

"Mama Fulani."

"Muuza ndizi anakuitaje kutoka chini barabarani?"

Akalitamka taratibu. "Mama Fulani."

"Kwa hiyo mtaa mzima unatangaza neno lako la siri kila asubuhi, kwa sauti."

Na nyie mlio mbele, baba zangu na mama zangu, najua nani na nani humu neno lake la siri ni jina la mwanawe wa kwanza. Nimewafundisha wengi sasa, karibu wote walikuwa hivyohivyo. Tunaitwa kwa watoto wetu, ni heshima, ni raha. Lakini mwizi naye anasikia. Tafuteni neno lingine, refu, ambalo hakuna anayekuitia. Na mkienda pale kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa kopi, msilitamke kwa sauti eti binti akuandikie. Andika mwenyewe. Binti akikuambia unamchelewesha, mwambie nimekuagiza mimi.

Hayo yote mama aliyashika. Lililomshinda ni moja. Salamu.

Nilikuwa naenda jikoni nampigia simu, najifanya tapeli. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, pole na miguu. Naomba ufungue kompyuta yako..."

"Haya, subiri nivae miwani."

Natoka jikoni napiga kelele, "Mama! Mimi mwizi!"

"Mbona umenisalimia?"

"Mwizi anasalimia!"

"Sasa nifanyeje? Mtu akikusalimia unamkatia simu, wewe ni mnyama wa porini?"

Tulirudia, tukarudia. Kila mara anajua ni mimi, anajua ni mwizi, na bado hawezi. Ile shikamoo ikishaingia sikioni mwake anajiona ana wajibu, kijana ameinama mbele yake, hawezi kumwacha kainama. Nikaanza kukata tamaa. Idi inakaribia. Nikamwambia kwa uchungu, mama, hao watu wanajua. Ndiyo maana hawaanzi na matusi. Wamesoma adabu yenu wakaigeuza ufunguo. Nikalia, na mimi siyo mtu wa kulia.

Mama alinitazama. Akakaa kimya kama anavyokaa kamati ikibishana. Halafu akasema, "Dukani pale nilisalimiwa na Kariakoo nzima. Nani aliwahi kuondoka na kitenge changu kwa sababu kanisalimia?"

Nikamwambia, hakuna.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu vitenge viko nyuma ya kaunta."

"Eeh. Salamu inaishia mbele ya kaunta. Nampokea, namjibu, namtakia heri. Anayetaka kuingia nyuma ya kaunta, namwambia subiri, nimuone kwanza ni nani." Akavaa miwani. "Nenda jikoni. Nipigie."

Nikaenda, nikapiga. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Shida yako njoo nayo dukani, msichana yupo mpaka jioni. Mimi kwenye simu sifungui kitu cha mtu. Haya, kwaheri, wasalimie nyumbani."

Akakata. Akakata, jamani! Nilitoka jikoni nimebeba mwiko, nikacheza. Mtoto mgongoni anacheka hajui anacheka nini.

Mnaona alichofanya? Mimi nilikuwa namfundisha kuwa mkorofi kama mimi. Yeye alikataa. Alibaki na adabu yake yote, akaitafutia mpaka. Mwenye shida ya kweli atakuja dukani, au atasema ni wa ofisi gani, mama atapiga huko mwenyewe kwa namba anayoijua. Mwizi haji dukani. Mwizi hana uso.

Hapo akapata nguvu. Akawaandikia wale wanawake wa Masasi, kwa mkono wake, mmoja mmoja, na kila mmoja akampigia akamwambia kwa sauti yake kilichotokea. Wengine walimtukana tena. Wengine wakalia naye. Akawaambia, kuanzia leo namba ya malipo yangu haibadiliki kwa barua, ikibadilika mtasikia kinywa changu. Wengine mpaka leo hawajarudi, sisemi uongo hapa. Ila mwenyekiti wa ile kamati alirudi, akaleta oda ya sare za arobaini, mwanawe mwingine kajifungua.

Habari zikashuka ngazi. Jirani wa chini, mama mmoja mtu wa kanisa, mume wake alistaafu na akaachiwa kompyuta na ofisi yake, inakaa kabatini na boksi lake. Akapanda, akauliza kwa aibu, eti mama anafundisha? Akaja na mumewe. Akaja mzee mmoja wa Kilimanjaro mwenye duka la vyombo la jumla, mkali huyo, akasema yeye hafundishwi na mwanamke, kaja kutazama tu. Sasa hivi ndiye anayewahi kiti.

Nikatafuta wa kunisaidia. Akaja binti mmoja wa chuo, mzuri wa moyo, lakini mkono wake! Mzee akisita kidogo tu, mkono wa binti umesharuka kwenye mausi. Nimesema, nimesema, wapi. Nikachukua mwanangu nikampakatisha. "Shika huyu kwa mikono miwili, analia ukimwachia mmoja." Tangu hapo ndiyo sheria yetu. Anayetaka kufundisha mzee kwetu anapewa mtoto wa kubeba. Mwanangu huyu mnayemwona amebebwa na watu wengi wenye elimu zao, na wazee wamejua kuandika.

Basi Idi ikapita, kaka akaja. Kaja na mabegi makubwa mapya, na rafiki yake kabaki kwenye gari chini. Akakuta sebule imejaa wazee. Akauliza, kuna msiba? Mama akamwambia kaa, kunywa chai, nina mteja hapa. Kaka akakaa, anatazama mama anavyovuta madirisha. Hakuamini. Mtu akishaamua umechoka, hapendi kukuona umepumzika.

Akaniita pembeni. "Umemkaririsha. Tapeli akimpigia tena ataanguka vilevile."

Nikamwambia, "Mjaribu."

Akamwambia mama anashuka kwenye gari mara moja, akatoka nje, kwenye ngazi. Nikajua anampigia rafiki yake. Nikaogopa, ndugu zangu. Maana mama alikuwa hajui, na huyu si mimi na mwiko jikoni, huyu ni mwanaume mzima ana sauti nzito na jina la mwanawe mdomoni.

Simu ikaita. Mama akapokea, na yule mzee wa vyombo, ambaye haambiwi, akamnyooshea kidole abonyeze spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo mama. Mimi rafiki wa mwanao mkubwa, nipo naye hapa. Simu yake imezima. Ameniomba ufungue kompyuta kuna kitu nikutumie, ubonyeze tu pa kukubali, ni haraka, yuko kwenye matatizo."

Matatizo! Mama mzazi anaambiwa mwanawe yuko kwenye matatizo. Nikaona mkono wake umeenda kwenye mausi. Wazee wote wanautazama. Mimi nilitaka kupiga kelele, nikajiziba mdomo kwa nywele za mtoto.

Mkono ukasimama.

"Baba, asante kwa kunijulisha. Mwanangu ana matatizo, mwambie aje kwa mama yake, ngazi anazijua. Mimi kwenye simu sifungui kitu. Haya, wasalimie nyumbani."

Akakata. Halafu, hapo hapo, akachukua simu yake, akatafuta namba ya kaka, akampigia. Tukaisikia inaita nje ya mlango, kwenye ngazi.

Yule mzee wa Kilimanjaro alicheka mpaka miwani ikadondoka. Kaka akaingia, simu inaita mkononi, hajui aipokee au aizime. Mama wa chini akamwambia, "Karibu baba mwenye matatizo."

Kaka akasema, "Mama, nilikuwa nakupima."

Mama akamwambia, "Nimekuzaa, nimekupima mimi kwanza. Keti."

Akaketi. Mama hakupandisha sauti. Akamwambia, "Mwanangu, Lindi nitakwenda. Nitakwenda kwenye harusi, nitakwenda kwenye msiba, nitakaa na wifi zangu tule korosho, nitarudi. Kwangu ni hapa. Na siku mtakapokuwa mnanijadili, niulizeni, nipo. Miguu ndiyo imevimba, masikio hayana shida."

Kaka akanywa chai yake yote. Kisha akayachukua yale mabegi, matupu, akayashusha ngazi zote zile mwenyewe. Mimi nilisimama juu nikamtazama mpaka mwisho. Sikumsaidia.

Ninao wa kuwashukuru. Msichana wa dukani, ambaye wateja walikuja kumfokea kwa kosa si lake, na hakuacha kazi. Mama wa chini na mumewe, wametupa ukumbi wao sebule yetu ikijaa. Yule binti wa chuo, mgongo wake naujua unavyouma. Wanawake wa Masasi waliosamehe, na wasiosamehe pia, wana haki yao. Na kaka namshukuru kwa kompyuta. Kwa mengine tutaongea siku yake, sijamaliza naye.

Na fundisho langu ni kwenu vijana wenzangu, wazee wameshanisikia. Mama yako akikuita, kaa nyuma ya kiti, si mbele. Funga mikono. Akikosea mwache akosee, umwonyeshe kwa mdomo pa kurudi. Akiibiwa, mkamate mwizi, usimkamate yeye. Ni hasira ndiyo iliyonisimamisha hapa, siifichi, na sitaki ipoe, maana wale watu bado wanapiga simu kila siku kwenye majumba yenu na wanasalimia vizuri sana.

Mlitaka kumwona mama leo. Najua, mwenyekiti alimwalika kwa barua pepe, na mama alimjibu mwenyewe. Hakuja. Kuna kamati ya Songea wamebishana tangu jana, huyu anataka zambarau, yule hataki, na harusi ni wiki hii. Nilipokuwa navaa viatu nilimwambia, mama, watu wanakusubiri wakupigie makofi. Hakugeuza hata shingo. Akaniambia, "Wakupigie wewe. Mimi niko kazini."